Mjusi Ambaye Si Mjusi: Dhana za Msingi za Visukuku na Dinosaria kwa Jicho la Mtu wa Isimu

Wakati wa likizo kubwa iliyopita niliwafundisha watoto wa darasa la sita jambo lisilo kweli, na nililifundisha kwa Kiswahili fasaha. Nilikuwa nyumbani Lweba, kijiji chetu cha ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja jioni na ukurasa wa Kifaransa unaohusu dinosaria na visukuku. "Wewe ndiye mtu wa lugha," alisema. "Utugeuzie, watoto wasikie." Kazi hiyo haikunichukua hata saa moja. Palipoandikwa *fossile* niliandika "mifupa ya zamani". Palipoandikwa *dinosaure* niliandika "mjusi mkubwa wa kutisha".

Kesho yake nilisimama mbele ya ubao na kusoma nilichoandika. Mtoto mmoja akainua kidole na kuonyesha mjusi aliyetulia ukutani juu ya dirisha: "Mwalimu, huyu ni mutoto yake?" Nikajibu bila kufikiri: "Ni mjukuu wake." Darasa likacheka, nami nikafurahi kwamba somo limeeleweka.

Jibu langu halikuwa kweli, na tafsiri zangu zote mbili zilikuwa mbovu. Nilipoanza kutafuta namna ya kurudi darasani kujisahihisha, niligundua kwamba tatizo halikuwa la biolojia pekee. Kila dhana ya msingi katika elimu hii imefungwa ndani ya neno, na neno baya huifunga dhana vibaya. Katika makala haya nitazipitia dhana hizo kwa mpangilio nilioupitia mimi mwenyewe, nikianzia na jiwe lililoletwa nyumbani wiki ile ile.

Mufupa ao jiwe?

Binamu yangu anachimba dhahabu huko Misisi. Aliporudi kutusalimu alileta jiwe jeupe, jembamba katikati na nene kwenye ncha zote mbili, mithili ya mfupa wa kidole cha mtu mkubwa mno. Wachimbaji wenzake walimwambia ni mfupa wa mnyama wa kale, autunze, huenda atapata mnunuzi. Babu aliligeuzageuza mkononi, kisha akauliza: "Sasa huu ni mufupa ao jiwe?"

Sijaona katika vitabu swali linaloieleza dhana ya kisukuku vizuri zaidi ya hilo. Kisukuku ni alama au mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya miamba, na mara nyingi jibu la swali la babu ni "vyote viwili". Mnyama akifa, nyama yake huliwa au kuoza. Kama mifupa imefunikwa upesi na tope au mchanga, kwa mfano kando ya mto uliofurika, haipati nafasi ya kuvunjwavunjwa na jua, mvua na fisi. Mashapo mengine huja juu yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzito unayageuza kuwa mwamba. Maji yanayopenya humo hubeba madini yaliyoyeyuka, na madini hayo hujaa katika vitundu vidogo vya mfupa. Pengine sehemu ya mfupa wenyewe hubaki. Pengine huondoka kidogokidogo na nafasi yake kuchukuliwa na madini, kama nyumba ya tofali za udongo ambayo mwenyewe anaitoa tofali moja na kuweka la saruji, leo moja, kesho moja, hadi mwisho nyumba ina umbo lile lile na haina udongo hata chembe.

Kwa hiyo "mifupa ya zamani" ni tafsiri potofu mara mbili. Kwanza, si kila mfupa wa zamani ni kisukuku. Mfupa uliofukiwa tangu enzi za babu wa babu bado ni mfupa. Pili, si kila kisukuku ni mfupa. Jani lililoacha chapa katika tope ni kisukuku. Yai ni kisukuku. Hata nyayo ni visukuku: kule Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, watu wa kale walitembea juu ya jivu la volkano lililolowa, jivu likagandamana, na mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ikafukua nyayo zao zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Hakuna mfupa pale, kuna mwendo tu.

Neno lenyewe, *kisukuku*, halijulikani kwetu. Aliyesoma husema *fossile*. Asiyesoma hana sababu ya kulisema. Vitabu vya shule vya Tanzania na Kenya vinalitumia, na redio hutuletea "nishati ya kisukuku" zinapozungumzia petroli na makaa ya mawe. Matokeo yake ni ya kuchekesha: nilipomuuliza rafiki yangu kama analijua, alisema ndiyo, ni aina ya mafuta. Hakukosea sana. Makaa ya mawe ni mimea ya kale iliyofukiwa, na yale ya Lukuga, karibu na Kalemie, ni mimea iliyoota kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa.

Turudi kwenye jiwe. Wataalamu wa visukuku wana jaribio moja la porini lisilo na gharama: hugusisha ulimi. Kwa kuwa mfupa una vitundu, kisukuku chake mara nyingi hunatanata kidogo kwenye ulimi. Jiwe la kawaida hapana. Nililifuta jiwe la binamu, nikaliramba mbele ya familia nzima. Halikunata. Babu alicheka mpaka akakohoa. Lilikuwa kwatzi, jiwe lile lile ambalo wachimbaji huliponda kutafuta dhahabu, na umbo lake lilikuwa bahati tu.

Hata bila ulimi ningepaswa kulijua hilo. Miamba ya milima yetu ya Itombwe ni ya kale kuliko wanyama wote wenye mifupa. Mingi imepikwa na kukunjwa chini ya ardhi kwa joto na mgandamizo. Anayetafuta dinosaria humo ni kama anayetafuta simu katika kaburi la wahenga. Visukuku hukaa katika miamba ya mashapo, tena ya umri unaofaa.

Ziwa ambalo halikumwona dinosaria

Hapo ndipo linapoingia suala la wakati, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote kulifundisha kwa Kiswahili. Tuna "zamani", "kale", "hapo kale", "enzi na enzi". Yote ni maneno mazuri ya kuanzia hadithi, lakini hayapimi. "Zamani za Wabelgiji" na "zamani za dinosaria" hutumia neno moja.

Niliwapa watoto kipimo hiki. Mwaka mmoja uwe milimita moja. Mzee wa miaka 80 ana urefu wa sentimita 8, kama kidole. Binadamu wa namna yetu, wenye umri wa kama miaka 300,000, ni mita 300: kutoka shuleni hadi ziwani. Ziwa Tanganyika lenyewe, ambalo wataalamu wengi hulipa umri wa miaka milioni 9 hadi 12, ni mwendo wa kilomita 9 hadi 12. Dinosaria wakubwa waliangamia miaka milioni 66 iliyopita, yaani kilomita 66, safari ya baiskeli ya kutwa ukielekea Uvira. Na wale wa Tendaguru, ambao nitawataja baadaye, wako kilomita 150, Uvira umekwisha kuipita. Watoto walishangazwa zaidi na ziwa: sisi tunaliona kuwa lilikuwapo tangu mwanzo, kumbe halikuwahi kumwona dinosaria hata mmoja wa wale wa kwenye picha.

Ziwa lina somo lake jingine. Wavuvi wa kwetu wanajua sehemu ambazo chini yake kumejaa makombe ya konokono, na watoto huyaokota yanapotupwa ufukoni. Mengi ni ya konokono mmoja mkubwa anayepatikana Tanganyika peke yake, ambaye jina lake la kisayansi ni *Neothauma tanganyicense*. Maji yenye chokaa huyahifadhi makombe hayo kwa mamia ya miaka baada ya mwenyewe kufa, na kuna samaki wadogo wanaoyapanga kama nyumba na kutaga humo. Je, ni visukuku? Bado. Kwa kawaida wataalamu huweka mpaka kwenye miaka 10,000 au zaidi, ingawa mpaka huo ni makubaliano tu. Lakini mwanafunzi aliyeshika kombe hilo ameshika kisukuku kikiwa njiani.

Vilevile tutofautishe paleontolojia na akiolojia, maana hata magazeti huzichanganya. Mfupa wa Ishango, uliofukuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 kwenye chanzo cha mto Semliki, una michoro iliyochongwa na mkono wa mtu, na umri wake ni kama miaka 20,000. Unazungumza kuhusu mtu na akili yake. Hiyo ni akiolojia. Samaki waliogandamana katika miamba ya kandokando ya Kisangani, akiwamo *Lualabaea* wa ukoo wa silakanti, wanazungumza kuhusu maji ya zama za Jurasiki, kabla hapajawa na mtu wa kuyanywa. Hiyo ni paleontolojia. Nchi yetu ina vyote viwili. Mfupa wa Ishango, hata hivyo, uko Brussels.

Kuku, mamba na mjusi: nani ndugu wa nani?

Neno "dinosaria" liliundwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842 kwa Kigiriki: *deinos*, -a kutisha, na *sauros*, mjusi. Tafsiri yangu ya "mjusi mkubwa wa kutisha" ilikuwa sahihi kabisa kwa neno. Ndivyo tafsiri mkopo zinavyotudanganya: tunahamisha kosa la lugha chanzi pamoja na mizigo yake yote. Ajabu ni kwamba Owen aliwatenga wanyama hao na watambaazi wengine kwa kuangalia nyonga na miguu yao, halafu akawapa jina la mjusi. Wazungumzaji wa Kiingereza na Kifaransa wameokolewa na jambo moja: kwao *sauros* halina maana, ni sauti tu. Kwetu "mjusi" ana maana, tena yuko ukutani.

Tofauti yenyewe ni rahisi kuiona. Mjusi miguu yake hutoka ubavuni, magoti yakitazama nje, na mwili wake hujipinda anapokwenda. Dinosaria miguu yake ilisimama wima chini ya mwili kama nguzo. Hiyo ilitegemea nyonga: katika dinosaria, kichwa cha mfupa wa paja huingia kwenye tundu lililo wazi, lililotoboka hadi upande wa pili. Nilipojifunza hivyo nilikuwa ninakula kuku. Nilitenga mifupa ya nyonga, nikaisafisha, na tundu likawa pale pale, naona mwanga upande wa pili.

Kuku ni dinosaria. Sisemi anafanana naye. Ninasema ni mmoja wao. Ndege wametokana na tawi la dinosaria waliotembea kwa miguu miwili, na tawi hilo peke yake ndilo lililopona maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo hata sentensi ya kila kitabu, "dinosaria walitoweka", inahitaji kusahihishwa.

Hapa lugha yetu ina mali ambayo Kifaransa cha ukurasa ule hakikuwa nayo, nayo ni msamiati wa ukoo. Uainishaji wa kisayansi wa leo hauulizi nani anafanana na nani. Unauliza nani kazaliwa na nani. Mtu wa kwetu anajua tangu utotoni kwamba mtoto wa baba mdogo anaweza kufanana na jirani, na bado ni wa ukoo. Basi: kuku ni mtoto wa nyumba. Mamba wa ziwani, ambaye tunamhofia, ni binamu. Ukoo wa mamba na ukoo wa dinosaria walitoka kwa babu mmoja. Mjusi wa ukutani ni mtu wa ukoo wa mbali, tulioachana naye zamani sana, ambaye hata msibani angekaa na wageni. Yule mtoto angeuliza kuhusu kuku aliyekuwa akiparura uwanjani, jibu langu la "mjukuu" lingekuwa kweli.

Majina yetu katika orodha ya Kilatini

Nilipokuwa nikitafuta istilahi nilikutana na jambo ambalo wanafunzi wa kitivo hiki wanapaswa kulijua, kwa sababu ni uwanja wa utafiti uliolala wazi. Katika miaka ya karibuni viumbe kadhaa wa kale wa Afrika Mashariki wamepewa majina rasmi ya Kiswahili. Majina hayo yamekwisha kuingia katika orodha ya kisayansi ya dunia nzima, na kila moja lina mofolojia ya kuchambua.

*Shingopana songwensis*, aliyetangazwa mwaka 2017, ni dinosaria mla majani wa eneo la mto Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. *Shingo* ni ngeli ya 9 na *pana* imepatana nayo. Sarufi safi.

*Mnyamawamtuka moyowamkia*, wa mwaka 2019, alipatikana kando ya mto Mtuka, katika bonde lile lile la ufa la Ziwa Rukwa, ng'ambo ya ziwa letu kuelekea kusini-mashariki. Ni "mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia", kwa kuwa pingili zake za mkia zina umbo la moyo. Kanuni ya majina inataka jenasi liwe neno moja na spishi neno moja, ndiyo maana maneno yameshikanishwa. Angalia hizo *wa* mbili: ya kwanza ni ya ngeli ya 1 (mnyama), ya pili ni ya ngeli ya 3 (moyo). Sauti ni moja, kazi ni mbili, na mwanafunzi wa Berlin au Chicago anayelikariri jina hilo hajui kwamba amemeza ngeli mbili kwa pumzi moja.

*Mambawakale ruhuhu*, wa mwaka 2022, ni mnyama wa zama za Triasiki kutoka bonde la Ruhuhu. "Mamba wa kale", si "ya kale": aliyemwita hivyo amezingatia upatanisho wa viumbe hai. Hata hivyo si mamba hasa, ni wa ukoo wa mamba. *Asilisaurus kongwe* ni nusu Kiswahili na nusu Kigiriki, na licha ya *saurus* yake si dinosaria. Ni wa ukoo wa jirani kabisa, na aliishi kabla ya dinosaria wote tunaowajua kwa uhakika. *Pakasuchus* ni paka aliyeungwa na neno la Kigiriki la mamba, kwa sababu mamba huyo mdogo alikuwa na meno ya kutafuna kama ya paka.

Ninayempenda zaidi ni *Simbakubwa kutokaafrika*, wa Kenya, aliyetangazwa mwaka 2019. Mabaki yake yalikaa kwenye droo ya makumbusho jijini Nairobi kwa miaka mingi kabla ya mtu kuyatazama vizuri. Alikuwa mla nyama mkubwa kuliko simba wa leo, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, wala hakuwa simba; ukoo wake wote umekwisha. Kwa hiyo *simba* hapa ni kama *mjusi* wa Owen. Lakini jambo la kisarufi linavutia zaidi: kwa nini *kubwa* na si *mkubwa*? Kiswahili sanifu kinataka "simba mkubwa". Mhadhiri wa sarufi atapiga mstari mwekundu. Mimi nasita, kwa sababu katika Kiswahili cha bara, kikiwamo cha kwetu, upatanisho wa ngeli ya 9 kwa wanyama husikika kila siku: "ile mbuzi imepotea". Jina hilo limehifadhi Kiswahili kinachosemwa, kama tope linavyohifadhi unyayo. Kanuni za majina ni kali, halitabadilishwa kwa sababu ya *m* moja.

Huyu au hii?

Nimemweka Tendaguru mwisho kwa sababu pale upatanisho wa kisarufi unagusa watu. Tendaguru ni kilima cha Lindi, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alitoa taarifa ya mifupa mikubwa iliyojitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa Werner Janensch na Edwin Hennig ulifukua pale, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, katika eneo lile lile lililoumizwa na vita hivyo. Kazi ya jembe na sururu ilifanywa na mamia ya Waafrika. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilibebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa meli kwenda Ujerumani. Mifupa ya mmoja wao, ambaye leo huitwa *Giraffatitan brancai*, ilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Kimo chake ni mita 13.27.

Magazeti ya Tanzania humwita "mjusi mkubwa" au "mjusi wa Tendaguru", na bungeni imeulizwa zaidi ya mara moja kama atarudishwa. Tazama nilivyoandika: *atarudishwa*. Ningeweza kuandika *itarudishwa*, yaani mifupa. Kifaransa hakinilazimishi kuchagua. Kiswahili kinanilazimisha kila ninapofungua kinywa. "Mjusi huyu yuko Berlin" ni mtu wa kwetu aliye ugenini. "Mifupa hii iko Berlin" ni mali. "Kisukuku hiki kiko Berlin" ni kielelezo. Lugha yetu inaujua mpaka huo tangu zamani: *maiti* wengine humpatanisha kama mtu, *maiti amezikwa*, na wengine kama kitu, *maiti imezikwa*, na katika sentensi moja ya matanga unaweza kusikia zote mbili.

Kisayansi, "huyu" ana tatizo. Kiunzi kile hakikutoka kwa mnyama mmoja: kimeungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, pamoja na vipande vilivyotengenezwa, na fuvu lililo juu ni nakala. Huyu ni hawa. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu ambao ninaupendekeza kwa wenzangu wanaoandika vitabu vya shule: ninaposema mnyama alivyoishi, ninatumia upatanisho wa viumbe hai, *dinosaria alitembea*, ninaposema kilichofukuliwa, ninataja kitu chenyewe, *mfupa*, *fuvu*, *kisukuku*, na kukipatanisha na ngeli yake. Msomaji ataona wapi ushahidi unaishia na wapi maelezo yetu yanaanzia. Najua kuna mhadhiri mmoja asiyekubaliana nami. Anasema "huyu" ndiyo hoja yote ya kudai arudi, na nikimgeuza kuwa "hii" nimewapa hoja wenye makumbusho. Sijapata jibu la kumtuliza.

Jina moja katika habari hiyo halina utata. Msimamizi mkuu wa wafukuaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa *Australodocus bohetii*. Ile *-i* ya Kilatini mwishoni inafanya kazi ya *-a* unganifu yetu: "wa Boheti". Wabebaji waliokwenda Lindi na kurudi hawana kiambishi popote.

Kurudi darasani

Nilirudi darasani siku mbili kabla ya likizo kwisha. Nilifuta "mjusi mkubwa wa kutisha" mbele yao, nikaandika *dinosaria* bila tafsiri yoyote. Utohozi safi mara nyingi hulaumiwa kwamba ni uvivu. Hapa ni uaminifu, kwa sababu neno lisilo na maana halidanganyi. *Kisukuku* niliwafundisha kama lilivyo, pamoja na swali la babu. Kisha nikapitisha mfupa wa nyonga ya kuku, kila mtoto akachungulia kwenye tundu lake.

Yule wa siku ya kwanza akauliza: "Basi siku ya Noeli tulikula dinosaria?" Nikamwambia ndiyo, na mamba pia angejua ni ndugu yake.

Mwalimu aliwapa zoezi la sentensi tano, akaniachia nisahihishe. Katika daftari moja nilikuta: "Dinosaria anataga mayai." Nilishika kalamu nyekundu ili nigeuze *-na-* iwe *-li-*, nikasikia kuku akilia nyuma ya darasa, nikaweka alama ya vyema.